Penseli Iliyopungua

Kila asubuhi, kabla ya chai, Zamda alizipangusa vumbi penseli zake za kale. Sheria iliruhusu kuzimiliki, si kuzitumia. Picha zote zilichorwa na mashine, na kila mwaka mkaguzi alikuja na rula kuona kama kuna penseli iliyopungua. Leo ndiyo ilikuwa siku yake, na moja ilikuwa imebaki fupi kama kidole gumba.

"Mama!"

Mama yake alikuwa jikoni, vidole vyeusi, ameinamia karatasi ya kufungia maandazi. Alikuwa amemchora marehemu baba, kanuna, jicho moja dogo kuliko jingine.

"Mashine kila nikiiomba imchore, inamchora akicheka," mama akasema. "Baba yako alicheka na nani?"

"Mama, watazichukua zote!"

"Na wachukue. Wewe unazifuta tu, kama mwosha maiti."

"Hodi!" mkaguzi akabisha mlangoni.

Zamda aliinua kitambaa aufute ule uso wa baba karatasini, mkono ukagoma. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba anazikusanya kwa urembo tu. Akaketi, akaishika ile penseli fupi.

"Naogopa, Mama," akasema, "lakini nilizikusanya kwa sababu nataka kuchora. Nionyeshe ulivyoianza pua yake."