Taa ya Bi Mdogo

Bwana Shaweji hakuweza kusoma majina kwenye simu bila miwani, kwa hiyo fundi alimpangia kitaa cha simu kiwake kwa rangi: nyekundu akipiga Bi Riziki, buluu akipiga mke mwenzake, Hidaya.

Bi Riziki aliijua buluu ile. Ikimeta tu, mumewe huacha tonge sahanini. Nyekundu husubiri mpaka anawe mikono.

Mchana huo, Shaweji alipokwenda kuoga, Bi Riziki alifungua mipangilio ya simu, akazibadili rangi. Buluu ikawa yake. "Na mimi leo nionje," alijisemea kwa wivu.

Shaweji alirudi akaketi kula. Bi Riziki akaingia jikoni, akapiga, akachungulia mlangoni. Kitaa kikameta buluu. Mume akarukia simu, akafuta midomo, akaweka sawa kola ya shati kana kwamba anaonwa.

"Kipenzi changu," alinong'ona, "subiri kidogo. Huyu yuko jikoni."

Bi Riziki hakuwahi kuambiwa neno kwa sauti tamu namna ile. Akaikandamiza simu sikioni.

"Haya," alijibu kwa kunong'ona, "nasubiri."