Nyuma ya Majarida

"Hayo ya urembo yabaki," mwenzake wa kazi alimwambia Nkatha pale maktaba ya Springfield, Marekani, wakichagua majarida ya vijana ya kuagiza mwaka ujao. "Wasichana wanayagombania."

Nkatha aliyavuta rafuni aone yalivyochakaa. Kila jalada lilikuwa na msichana mwembamba kama ufito. Nyuma ya majarida kulikuwa na vifurushi vya foili, pembe zimekunjwa vile anavyozikunja yeye kila asubuhi. Akafungua kimoja. Chapati zilikuwa nzima, zimeota ukungu.

Bintiye alikuwa meza ya dirishani, anapomngojea kila siku akitoka shule, amejikunyata ndani ya sweta na jua la Juni linawaka. Nkatha alimshika bega, akashika mfupa.

"Chapati umekula?"

Binti hakuinua macho kutoka kwenye jarida lake.

"Nimemaliza zote, mum. Leo zilikuwa laini."