Mvua ya Siku ya Harusi

Siku hizi kiharusi kikimharibia mtu sehemu ya ubongo, hospitali humpiga mwenzi wake picha ya sehemu hiyohiyo, na pengo huzibwa kwa nakala yake. Pengo la mume wangu, Baba Tunu, lilizibwa kutoka kwangu.

Anatembea tena na anakula vizuri. Ila pilipili aliyokuwa akiililia haigusi, kwa kuwa mimi siipendi.

Tangu tuoane tulikuwa tukibishana juu ya jambo moja. Yeye alishikilia kwamba siku ya harusi yetu mvua ilinyesha hadi maturubai yakavuja. Mimi nilisema jua lilikuwa kali. Wageni walikuwa wakituchokoza makusudi ili watusikie.

Jana nilipomtengea chai, nilimchokoza mwenyewe. "Baba Tunu, hivi siku ya harusi yetu hali ya hewa ilikuwaje?"

"Jua kali," akasema. "Bwana harusi alikuwa akitokwa jasho, nikamwonea huruma."

Nikaliweka birika mezani.

"Ilinyesha, mume wangu," nikamwambia. "Maturubai yalivuja."

Akatabasamu, akatikisa kichwa polepole, kama nilivyokuwa nikitikisa mimi.