Hoyee ya Bi Tunu

Luhende, aliyethubutu kumpinga rais ndani ya chama chao wenyewe, alipanda jukwaani. Wajumbe walikuwa wameshaonywa: asipigiwe makofi, asiitikiwe.

Akainua ngumi. "Chama hoyee!"

"Hoyee!" akaitikia Bi Tunu.

Peke yake, katika ukumbi mzima. Alikuwa akiitikia wito huo tangu usichana wake, juani na mvuani, na leo mdomo haukumngoja. Vichwa vikageuka. Safu ya mbele, mwanamume mwenye miwani myeusi akageuka taratibu kuliko wote.

"Tunu, umejimaliza," alinong'ona shoga yake Mwatumu, huku tayari anasogeza kiti.

"Nimekiitikia chama, shoga. Yeye sikumwitikia."

"Kawaambie hao."

Viti vingine vikaburutwa, mpaka Bi Tunu akabaki ameketi katikati ya uwazi. Ndipo alipoona kwamba mkono wake bado uko juu, ngumi imekazwa. Akaogopa kuuacha pale, na akaogopa zaidi kuushusha mbele ya bendera ya chama.

Kule jukwaani, Luhende alikuwa akimtazama yeye tu, machozi yakimlengalenga.

"Chama hoyee!" akaita tena.

Bi Tunu akahisi pumzi ya kuitikia inampanda kifuani.