Kisamvu Kabla ya Sindano

Bibi Yuliana alijisifu kwamba kijiji kizima cha Mkunya hakuna mwenye damu nzuri kama yake, kisha akakiri kuwa mashahidi wake ni mbu tu. Foleni yote ya kutolewa damu ikacheka.

Wataalamu waliokuja na gari kutoka Masasi walikuwa wanatafuta protini za damu zinazoweza kuonyesha ugonjwa wa figo kabla mtu hajaanza kuvimba. Binti wa kwanza wa bibi alishakufa amevimba. Huyu aliyebaki aliketi ubavuni mwake, na damu ya mama ilitakiwa ilinganishwe na yake. Sharti lilikuwa moja: wasile kitu tangu jana usiku.

Lakini mtu anakwenda kutolewa damu, ataendaje tumbo tupu? Alfajiri bibi alijiongezea damu kwa bakuli zima la kisamvu cha korosho, akasukutua, akaja.

Walipokwisha kutolewa damu, mashine ya kuizungusha ikazunguka, kisha ikasimama. Muuguzi akachomoa vichupa. Cha binti, wekundu ulikuwa umetuama chini, juu yake maji ya manjano yaliyotakata. Cha bibi, juu kulikuwa kweupe kama tui.

"Bibi, leo umekula?"

"Mimi? Hata mate sijameza, mjukuu wangu."

"Haya ni mafuta ya chakula, bibi. Hii haipimiki, na gari letu linarudi Masasi sasa hivi."

Bibi akatamani akitapike kisamvu chote palepale.

Binti akamgeukia. Kope zake zilikuwa zimevimba kidogo, kama za marehemu dada yake.

"Mama, si alfajiri uliniambia unaonja chumvi tu?"