Likizo ya Mzee Bado

Mzee Bado alilia alipoambiwa aende likizo. Hakulia kidogo: alitoa leso, akapenga kamasi mbele ya idara nzima, akasema kazi yake si ya kumwachia mtu mwingine. Wenzake wakampigia makofi, wakidhani ni uchungu wa kazi.

Mkuu wa ukaguzi hakupiga makofi. Alimwita Digrii ofisini kwake.

Digrii ndilo jina walilompa yule binti mhasibu aliyeajiriwa moja kwa moja kutoka chuo kikuu, kwa majaribio, pamoja na wahitimu wengine wawili. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Kwao yeye ndiye wa kwanza kuvaa joho, na mama yake alishautangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni mkaguzi wa kampuni ya bima. Neno "majaribio" mama hakulisikia, au alilisikia akaliruka.

"Unajua kwa nini tunawalazimisha watu likizo?" mkuu aliuliza. Kalamu yake ilikuwa wazi juu ya karatasi; alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

"Wapumzike?"

"Wapumzike nini! Wizi una kazi zake za kila siku, kuziba hapa, kufukia pale. Mtoe mwizi kitini wiki mbili, umweke mwingine, mambo yatajianika yenyewe. Mzee huyu hajachukua likizo tangu wewe uko shule ya msingi. Kakalie kiti chake. Ukiniletea anachoficha, ile nafasi ni yako."

Ofisi ya Mzee Bado ilikuwa mwisho wa korido, na mlangoni pameandikwa Upatanisho wa Hesabu, yaani kulinganisha madai yaliyolipwa na vitabu vya fedha. Jina la Bado alilipata kwa sababu kila aliyemuuliza kama amemaliza alijibiwa, "Bado, mwanangu, bado." Mafaili yalirundikwa mezani hata mtu akikaa haonekani kichwa. Mzee alimkabidhi Digrii ufunguo wa kabati, lakini aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Usiyapange upya," alisihi. "Na akija mtu kuniulizia, sema nimetoka mara moja."

Asubuhi ya kwanza akampigia Digrii simu. "Kuna aliyekuja?"

"Nani aje, mzee?"

"Aa, nauliza tu."

Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa. Digrii alifurahi mpaka akajionea haya. Bila shaka mzee ana washirika, na washirika wamepata fununu. Ndiyo maana hakuna anayetia mguu pale, wala simu ya mezani hailii. Siku za mwizi arobaini, akajiambia, na hii ya arobaini imeniangukia mimi. Akayafungua mafaili, moja baada ya jingine. Magari yaliyogongana, maghala yaliyoungua, paa lililoezuliwa na upepo. Yote yalikuwa sawasawa, yamehakikiwa, yamefungwa zamani. Chuoni walifundishwa kuziogopa hesabu zilizo safi mno, naye akaziogopa.

Wiki ya pili subira ikamwisha. Alikwenda idara ya madai kuuliza huwa wanampelekea mzee kazi gani.

"Sisi? Yeye kazi zake zinatoka uhasibu."

Uhasibu nao wakashangaa. Wao walijua zinatoka madai. Aliyecheka ni fundi wa kompyuta.

"Upatanisho? Mfumo unafanya wenyewe, dada. Tangu siku tulipouwasha."

Aliporudi alimkuta Mzee Bado kwenye kiti cha wageni, amevaa shati la nyumbani, na likizo haijaisha. Mzee alimtazama usoni, akajua.

"Umeona," alisema.

"Nimeona hakuna kitu."

"Ndicho hicho hicho. Mashine ilipokuja nilingoja waniambie niende wapi. Hawakuniambia, nami nikaogopa kuuliza. Kila siku naja, natoa faili, narudisha faili. Mwanangu, kukaa bure kutwa huku unaonekana una shughuli, usiombe!" Akacheka, kisha akaacha. "Na kitinda mimba wangu ndiyo kwanza ameingia chuo. Anasomea uhasibu, kama wewe."

Digrii alimhurumia, na alijihurumia vilevile. Kwa kusema kweli angepata nafasi palepale, maana wakubwa hawana habari tamu kama ya kiti kinachoweza kufutwa. Alitembea korido nzima mpaka ofisini kwa mkuu.

"Enhe?" Mkuu aliinua uso, kalamu wazi juu ya karatasi ileile, bado haina hata neno moja. "Umemnasa?"

"Haibi, mkuu. Nimekagua kila faili."

"Basi alikuwa analilia nini?"

Digrii akamfikiria mama yake, na majirani wote wale. Halafu akalifikiria lile shati la nyumbani.

"Kazi," alisema. "Kazi ya yule mzee ni nzito mno, mkuu. Si kila mtu anaiweza. Mimi mwenyewe wiki mbili tu imenichosha. Nashauri aachwe palepale, asiguswe."

"Nzito," mkuu alirudia taratibu. "Umekaa pale wiki mbili, umefungua kila faili, na unaniambia ni nzito."

"Nzito sana."

Alijua ameshikwa. Uongo haukuwa somo lake. Moyoni alishaanza kutunga maneno ya kumwambia mama.

Mkuu aliinuka, akachungulia korido huku na huku, akaufunga mlango vizuri. Aliporudi mezani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nafasi ni yako," alisema. "Ila mwezi ujao bodi inanilazimisha na mimi likizo, na kwenye kiti hiki sitaki akae mtu mwingine yeyote ila wewe."