Mhusika Hajaonekana

Kwa mara nyingine programu ilimuuliza mwandishi mhusika wake mkuu anataka nini maishani, naye akaipiga meza kofi mpaka kikombe kikacheza.

"Nitajuaje na sijamaliza kuandika?" aliifokea kompyuta. "Ningejua, ningeandika ya nini?"

Mumewe, fundi kompyuta, ndiye aliyemwekea hiyo programu ya kuandikia riwaya, eti zawadi. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Mke wangu, jaza tu visanduku. Itakupangia kila kitu."

"Mimi sipangiwi! Naanza na mtu yuko mlangoni, halafu namfuata huko anakokwenda. Hiki kidude kinataka nikionyeshe mwisho kabla sijaanza."

Akabonyeza kwa hasira, popote pale, ili kile kisanduku kimwondokee. Badala yake kikafunguka kingine, chekundu, katikati ya skrini:

"Mhusika MUME hajaonekana tangu sura ya pili. Unataka kumfuta?"

Chini yake NDIYO na HAPANA.

Mume aliinama, akayasoma maneno hayo mara ya pili.

"Umefika sura ya ngapi?" mume aliuliza, sauti imepungua.

"Ya kumi na tisa."

"Na muda wote huo yuko wapi?"

"Kazini."

Mkono wa mume ukapita juu ya bega la mkewe, ukaifuata HAPANA. Mwandishi akaushika, akausogeza pembeni taratibu.

"Hilo jibu niachie mimi."